Bunduki ya Gemu Haipigi? Tuambie Kwanza Una Televisheni Gani

Jumamosi iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwetu na wanawe wawili, akaiweka juu ya kaunta gemu ya bunduki aliyoinunua kwetu siku tatu kabla, akasema mbele ya wateja wengine, "Fundi, umeniuzia bunduki mbovu." Mtoto mdogo macho yalikuwa bado mekundu, kwa sababu katika mchezo wa kuwinda bata, kila bata anapoponyoka, mbwa huchomoza majanini na kumcheka mpigaji, na huyu alikuwa amechekwa siku tatu mfululizo. Niliichomeka kwenye televisheni ya chogo iliyo karibu na meza ya ufundi, nikamkabidhi mtoto bunduki, na bata wa kwanza akaanguka hapo hapo.

"Nyumbani mna televisheni gani, mama?"

"Flati, inchi 43."

Kijana wetu wa mauzo hakumwuliza swali hilo siku ya kuuza, na hilo ni kosa letu, tumeshaomba radhi. Hata hivyo, bunduki si mbovu, na kwa kuwa malalamiko haya hutufikia karibu kila wiki, ni vyema tueleze jinsi inavyofanya kazi.

Bunduki ya aina hii, ambayo mashine za bei nafuu zimeinakili kutoka kwa Nintendo ya miaka ya 1980, haitoi mwanga wala kitu kingine chochote. Ndani ya mtutu wake kuna lenzi na jicho dogo linalopokea mwanga kutoka kwenye kioo. Ukibonyeza kifyatulio, kioo huwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata hujitokeza mraba mweupe, na jicho likiuona mraba huo kwa wakati unaotarajiwa, gemu huhesabu kwamba umepiga. Televisheni ya chogo huchora picha mstari kwa mstari mara 50 au 60 kwa sekunde, papo hapo inapopokea mawimbi. Flati huipokea picha, huichakata, huikuza ienee kwenye kioo, ndipo huionyesha, na kuchelewa huko, hata kama ni sehemu ndogo sana ya sekunde, kunatosha kuifanya gemu iamue kwamba umekosa. Isitoshe, bunduki nyingi zimetengenezwa zitambue mwako wa chogo peke yake ili zisidanganywe na taa ya sebuleni, hivyo mbele ya flati ni kama kipofu.

Hapo ndipo wateja wanapotafuta njia ya mkato, na inayotuumiza zaidi ni konveta ya kutoa AV kwenda HDMI, yaani kifaa kinachobadilisha picha ya nyaya za zamani za rangi iingie kwenye tundu la kisasa la flati. Muuzaji wa jirani atakuapia kwamba itamaliza tatizo, lakini konveta huibadilisha picha mara moja zaidi kabla haijafika kwenye flati, kwa hiyo huongeza ucheleweshaji. Baba mmoja alinunua konveta tatu tofauti kabla ya kuja kwetu, kisha akalalamika kwamba shilingi 10,000 za kupima ni nyingi. Mwingine aliifungua bunduki kwa bisibisi ya jikoni "aliongeze jicho nguvu," akakata waya wa kifyatulio, na ukarabati ukawa wa kweli.

Kwa nyumba yenye flati, sisi hupendekeza Wii iliyotumika, mashine ya gemu ya Nintendo. Rimoti yake ina kamera mbele inayotazama taa za infraredi kwenye kijiti kinachowekwa juu au chini ya televisheni, hivyo aina ya kioo haina maana tena. Kuna ganda la bunduki la kuipachika rimoti hiyo, na mwaka 2008 ulitoka mchezo wa Nerf N-Strike, uliouzwa pamoja na bunduki ya Nerf ya kuchezea ambayo rimoti huingia ndani yake. Watoto hulenga shabaha na maroboti, na hakuna tone la damu. Kijiti chenyewe hakihisi chochote, ni taa tu, na ndiyo maana mteja wetu mmoja ambaye panya walimtafunia waya aliweza kucheza usiku kucha kwa mishumaa miwili. Nta ilimiminika nyuma ya flati, na gharama ya kuisafisha ilizidi bei ya kijiti kipya mara kadhaa.

Tunajua bei yetu ya Wii ni ya juu kuliko ya mtaani. Kila moja tunaifungua, tunasafisha lenzi ya diski, tunakagua rimoti kwa saa nzima, na tunahakikisha diski na mashine ni za eneo moja, kwa maana diski ya Marekani haisomwi na mashine ya Ulaya. Adapta nayo tunaiangalia. Mwaka jana kijana mmoja alitumiwa Wii na mjomba wake aliyeko Marekani, akaichomeka moja kwa moja ukutani. Adapta ile ni ya volti 120, umeme wetu ni 230, na alichotuletea kilikuwa kimeshanuka moshi.

Kabla hujalipia gemu yoyote ya bunduki, tutumie picha ya mbele na ya nyuma ya televisheni yako. Ukiwa na chogo la zamani stoo, tulipime kwanza, na usilifungue mwenyewe, kwa sababu hubaki na umeme mkali ndani hata likiwa limechomolewa.

Yule mama hakutaka Wii. Alichagua chogo la inchi 14 tulilokwisha kulikarabati, tukampunguzia bei kwa usumbufu tuliomsababishia, na bodaboda wawili wakakataa kulibeba hadi tukamwitia bajaji.