Kwa nini bei ya amoksilini haisimami mahali pamoja

Wiki iliyopita mama mmoja alihesabu chenji yake hapa kaunta ya duka letu la dawa, akaniuliza: "Mbona mwezi uliopita dawa hii haikuwa bei hii?" Alikuwa sahihi. Na kumjibu "vitu vimepanda" hakumtoshi mtu aliyeacha mtoto anakohoa nyumbani.

Amoksilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1972. Hataza yake, yaani haki ya kampuni moja pekee kuitengeneza, iliisha zamani, kwa hiyo kiwanda chochote chenye kibali kinaweza kuitengeneza, na ushindani huo ndio unaoifanya iwe nafuu. Ila viwanda vingi vinategemea malighafi ileile. Penisilini huchachushwa kwa kuvu kwenye matangi makubwa, kisha hugeuzwa kuwa kiini kiitwacho 6-APA, na sehemu kubwa ya kiini hicho hutoka China. Kikipanda huko, kidonge cha India kinapanda, na cha hapa Tanzania pia.

Malighafi hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu Sh 2,330. Katikati ya 2024 ilishavuka Sh 2,600. Dawa ileile, boksi lilelile, shilingi zaidi. Ongeza meli, ushuru wa bandari na gharama za usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Wengi hushangaa zaidi wakiandikiwa amoksilini yenye klavulaneti (kiambato kinachoikinga isivunjwe na bakteria), kwa sababu bei yake huwa mara kadhaa ya ile ya kawaida. Klavulaneti huharibika haraka ikipata unyevu. Kiwanda lazima kikaushe hewa ya chumba cha kutengenezea, kisha kila kidonge kifungwe kwenye foili nzito. Ya maji, ya watoto, ikishachanganywa inataka friji. Kwa hiyo tafadhali usivibandue vidonge hivyo na kuviweka kwenye kikopo nyumbani, hasa kwa joto letu la Dar es Salaam. Umelipia ile foili.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni kulinganisha bei kwa karatasi moja ya vidonge. Daktari akiandika miligramu 500 mara tatu kwa siku, siku tano, hizo ni kapsuli 15 za miligramu 500, au 30 za miligramu 250. Karatasi ya 250 yenye kapsuli 10 inaonekana rahisi, lakini utahitaji tatu. Uliza bei ya dozi nzima. Ninaumia nikiona mtu anaondoka na karatasi moja kwa sababu hela imeishia hapo. Siku ya nne anarudi anaumwa vilevile, safari hii anahitaji dawa ya ghali zaidi.

Kama fedha haitoshi, tuambie kabla hatujakata karatasi, usione haya. Mara nyingi tunayo dawa hiyohiyo ya kiwanda kingine, iliyosajiliwa na TMDA, kwa bei ya chini. Njoo na cheti chako, tutakupigia hesabu ya dozi yote kwa kila aina iliyopo rafuni.