Hati yangu ililowa, jina langu likaachwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mafuriko yalipobomoa nyumba yetu, afisa aliyekuja kuandikisha waathirika wa kupewa fedha za msaada aliniuliza swali moja tu: hati ya kiwanja iko wapi? Ilikuwa kwa jina la marehemu mume wangu, tena imelowa hadi maandishi yamegeuka madoa ya wino. Aliishika kwa ncha za vidole, akanirudishia. Jina langu halikuandikwa.

Jirani mwenye nyumba tatu aliandikwa mara tatu. Wapangaji wake hawakuandikwa kabisa, ilhali magodoro yaliyokuwa yakielea yalikuwa yao!

Nchini Nepal, baada ya tetemeko la mwaka 2015, serikali ilitoa rupia 300,000 kwa kila kaya iliyostahili, kwa awamu, kadiri ujenzi ulivyoendelea. Hata huko wasio na hati za ardhi walitaabika. Kwa nini basi majirani wasiitwe kushuhudia nani aliishi wapi? Orodha ibandikwe hadharani kabla fedha hazijatoka, na tupewe siku za kukata rufaa.

Mimi na wajukuu wangu wawili bado tunalala chini ya turubai.

Mjane, msomaji wako