Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mizani mpya imefika na inafanya kazi. Mimi nitasemea lile lililotuumiza wote: fuso mbili za matikiti yetu zilizokamatwa na wakaguzi wa serikali kabla hazijashusha sokoni, kwa sababu ya mabaki ya sumu.

Nilikuwepo siku ya kuyateketeza. Vibarua walipasua tikiti moja moja kwa jembe ndipo wakalitupa shimoni, asije mtu akayafukua usiku. Maji mekundu yakatiririka hadi kwenye viatu vyetu. Mwenzetu mwenye mzigo alikuwa kachuchumaa pembeni, hasemi kitu. Mkopo wa mbegu bado anadaiwa.

Wapo waliosema tungeomba tuyaoshe, tuuze. Hilo nalipinga waziwazi. Mwaka 1985 kule California, Marekani, watu kwa mamia waliugua kwa kula matikiti yenye aldikabu, dawa ya kuua wadudu: kutapika, kuharisha, jasho, misuli kuchezacheza. Dawa hiyo ya chenga huwekwa ardhini, mizizi ikainyonya na kuipandisha mpaka ndani ya tunda, utaosha nini? Wala haikuruhusiwa kwa matikiti. Tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru, serikali ya jimbo ikazuia matikiti yote, ya waliotumia na ya wasiotumia. Hapo ndipo ninapokosa usingizi.

Mwenzetu alinionyesha dawa aliyotumia yeye: chupa ya maji ya kunywa, nusu yake kimiminika cha rangi ya chai ya maziwa, amepimiwa mnadani. Haina lebo, haina utepe wa rangi wa kuonyesha ukali, haina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Alipuliza Jumatatu, Alhamisi akavuna. Wadudu walimzidi, na dalali alishafika shambani. Namhurumia sana, lakini mzigo ule ulistahili kuzuiwa.

Ofisi iliyokamata nayo ilitukosea. Majibu ya maabara tuliyapata baada ya mwezi mzima wa kufuatilia. Nimeandika barua kudai nakala mapema safari nyingine.

Kamati inapendekeza kila shamba liwe na daftari la kupuliza: jina la dawa, kiasi, tarehe, sahihi. Asiye na daftari, tikiti lake halipandi gari la chama. Najua baadhi yenu mtaudhika. Naomba tulipigie kura kabla ya chakula, kisha tuchangie mkopo wa mwenzetu. Mimi nimeshampa katibu mchango wangu.