Funguo za Mzee

Mpendwa Baba Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako ya kifo cha Mzee, kiongozi wa kanisa letu, imenifikia Jumanne, nikaisoma nimesimama mlangoni, kisha nikatafuta pa kukaa. Pole sana, ndugu yangu. Mzee ndiye aliyetufundisha nota sisi wawili chini ya ule mwembe, akitugusa bega kila tulipopotea sauti. Nimemlilia kama baba.

Ila pale uliposema funguo za kanisa zimening'inia msumarini tangu mazishi, na huthubutu kuzigusa kwa kuwa kiti cha Mzee si cha mtu kama wewe, pameninyima usingizi. Usiku ule nilifungua Biblia, nikaenda kwa Musa.

Katika Hesabu 27 anaambiwa apande mlimani, aitazame nchi, kisha afe kama Haruni ndugu yake. Jibu lake ni kuomba apatikane mtu wa kuwaongoza watu, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Alikuwa na wana wawili, Gershomu na Eliezeri, wala hakuwataja. Akaonyeshwa Yoshua mwana wa Nuni, ambaye hata kabila lake lilikuwa jingine, akamsimamisha mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote, akamwekea mikono.

Si kwamba hakutamani kuvuka. Kumbukumbu la Torati 3 inasema alimsihi Mungu, akaambiwa imetosha, asiliseme tena jambo hilo. Na papo hapo akaagizwa amtie Yoshua moyo na nguvu, maana yeye ndiye atakayevuka. Hapo huwa nakwama, Baba Neema. Miaka 40 jangwani, unyimwe nchi kwa sababu ya yale ya Meriba, alipoupiga mwamba badala ya kuuambia utoe maji, kisha uambiwe umtie nguvu atakayeingia! Na Musa akafanya hivyo, mbele ya Israeli wote.

Niliposoma hapo nikamwona Mzee wetu Pasaka ile ya mwisho. Kifua kimembana, akaomba awekewe kiti nje alitazame kanisa jipya, kuta zimeishia kwenye linta, mabati hayajanunuliwa. Alitazama muda mrefu bila kusema neno. Halafu akakuita mbele ya washarika, akakuwekea funguo kiganjani, akavikunja vidole vyako kimoja kimoja. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Sasa unawezaje kusema kiti si chako, wakati mwenye kiti alikuita mwenyewe?

Musa alifia mlima Nebo akiwa na miaka 120, macho yake bado yanaona vizuri. Alionyeshwa Gileadi mpaka Dani, na Yeriko mji wa mitende. Kaburi lake halijulikani hata leo, na mimi nadhani (ni mawazo yangu tu) Waisraeli wangelijua wasingebanduka pale. Walimlilia siku 30 katika nchi tambarare ya Moabu, matanga yakaanuliwa. Kisha Yoshua anaambiwa: Musa mtumishi wangu amekufa, ondoka sasa, uvuke Yordani. Kilio chao kilikuwa na siku zake, na watu walikuwa wanangoja kando ya mto.

Unasema unaogopa. Hebu hesabu katika Yoshua 1 Mungu anamwambia mara ngapi awe hodari. Mara tatu, katika maneno yale yale machache. Mtu asiyeogopa haambiwi hivyo mara tatu. Na huyu alikuwa amemtumikia Musa tangu ujana wake, amepigana na Waamaleki, amekaa katika hema ya kukutania Musa akirudi kambini.

Jambo moja zaidi. Yoshua alikufa na miaka 110, na hatusomi popote kwamba naye alimwekea mtu mikono. Waamuzi 2 inasema kikainuka kizazi kisichomjua Bwana. Linanitisha kila nikilisoma. Kwa hiyo yule kijana anayepiga kinanda, mweke karibu tangu sasa. Mpe zamu ya kusoma neno, umkosoe kwa upole kama tulivyokosolewa sisi.

Nitapanda basi la alfajiri Jumapili ya wiki ijayo, kwa ajili ya ibada. Nikishuka pale njia panda niisikie kengele, na nikifika mlango nikute umeshaufungua.

Msalimie Mama Neema na watoto.

Ni mimi nduguyo.