Maswali ya hesabu yaishie kundini

Mhariri,

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa Newala. Shuleni simu marufuku, hivyo jioni nikitoka kuokota korosho huomba yangu asome maswali ya hesabu anayotuma mwalimu kwenye kundi la WhatsApp. Kundi silikatai, limemsaidia mno. Kitabu kimoja wanagombea dawati zima. Ninachokataa ni ujumbe wa pembeni. Juzi saa nne usiku simu ikalia: “Umelala?” Nikajibu mwenyewe: “Mama yake niko macho, mwalimu.” Kimya mpaka leo.

Wakuu wa shule waagize maswali yote yaulizwe na kujibiwa kundini, wazazi tukiwemo, na saa mbili usiku lifungwe. Bando lenyewe tunanunua sisi.

Mama mzazi,
Newala, Mtwara