Boa wa mchanga anafaa nyumba zetu za Marekani

Mhariri,

Msomaji wenu aliuliza amnunulie mwanawe nyoka yupi kati ya boa wa mchanga (sand boa, nyoka mdogo anayejifukia mchangani) na nyoka wa mahindi (corn snake). Waliomjibu walimkemea tu, ati Mwafrika gani hufuga nyoka, na swali lake likabaki hewani. Naomba nafasi nimjibu. Binti yangu anafuga boa, rafiki yake wa ghorofa ya juu anafuga wa mahindi, na nyoka hao wawili nawafahamu vizuri.

Hakuna mwenye sumu ya kumdhuru mtu. Wauzaji humsifia zaidi nyoka wa mahindi, mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, na kweli ni mpole, hupanda matawi na mtoto humwona akitembea. Ila hukua hadi sentimita 120 au 150, hivyo anataka tangi refu, na kifuniko kikilegea kidogo ametoroka. Majirani zangu wamewahi kuvuta jokofu kumtafuta.

Boa ni wa kwetu, wa nchi kame kuanzia Misri hadi Kenya na Tanzania. Kule Mwingi, Kenya, nilikozaliwa, akionekana shambani hupigwa jembe kwa kudhaniwa kifutu, nyoka mwenye sumu kali, na hilo huniuma sana. Jike ni nadra kupita sentimita 80, dume ni mdogo zaidi. Tena hapa Minneapolis, majira ya baridi, mashine za kupasha joto hukausha hewa ya nyumba mpaka midomo inapasuka. Nyoka wa mahindi hapo husumbuka kujivua gamba, likatoka vipande vipande, mpaka awekewe unyevu. Boa hewa kavu ameizoea; mpe joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi upande mmoja wa tangi na maji safi, basi.

Atakayetaka kumtazama mchana kutwa asimnunue. Huzama mchangani yakabaki macho mawili tu, yameelekea juu. Lakini siku ya kula! Binti yangu huyeyusha panya wa barafu kwenye maji ya moto, humshika kwa koleo ndefu na kumtikisa juu ya mchanga. Ghafla mchanga unapasuka, panya keshanaswa na kuviringishwa. Ndiyo maana kidole hakiingizwi mle hata kwa mchezo, na mikono huoshwa kwa sabuni kila mara.

Mnunue aliyezaliwa kwa wafugaji, si aliyenaswa porini, na umwombe muuzaji amlishe mbele yako. Usithubutu kumbeba boa wa kwetu ukitoka likizo: kule Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inadai kibali.

Jambo la mwisho ni umri. Wote huweza kufika miaka 15 hadi 20. Mtoto wa miaka 11 ataenda chuo amwache nyoka, na atakayeyeyusha panya ni wewe mzazi. Kubaliana na hilo kabla ya kutoa pesa.

Mama wa Mwingi,
Minneapolis, Marekani