Siku 60 zimepita, kibali kiko wapi?

Mhariri,

Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 iko wazi: aliyeomba idhini ya kujenga asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, inachukuliwa kwamba amekubaliwa. Mimi huu ni mwezi wa saba nasubiri. Ramani zimechorwa, ada nimelipa, risiti ninazo. Kila nikienda ofisi ya mipango ya kaunti yetu naambiwa faili liko kwa mtu wa afya, au kwa mhandisi, au mtandao umeanguka. "Rudi wiki ijayo, mama."

Kisheria, basi, nina ruhusa. Lakini benki haitoi mkopo bila karatasi yenye muhuri, na nikichimba msingi askari wa kaunti watafika na rangi nyekundu kuandika nisimamishe ujenzi. Jirani yangu wameshamwandikia ukutani.

Aliyekataliwa ana nafuu, anaweza kwenda kwenye kamati ya rufaa. Sisi tusiojibiwa tukate rufaa dhidi ya uamuzi gani?

Ombi langu ni dogo. Siku ya 61 ikifika, kaunti imwandikie mwombaji barua kwamba muda umekwisha na ruhusa anayo, barua ambayo benki itaipokea na askari ataiheshimu. Kama ramani ina kasoro, waitaje kabla ya hapo. Nitairekebisha hata kesho. Simiti niliyonunua Januari imeanza kuganda mifukoni.

Mama mjenzi,
Pwani